Maoni ya Mstari wa 212

Kamati ya kuchagua mahali pa kuhifadhi mafaili ya chuo ilikuwa na watu saba, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wake. Nimekuwa mkutubi miaka ishirini na sita, kwa hiyo kila kitu chenye neno "hifadhi" huangukia mezani kwangu, hata hifadhi ya viti vibovu. Sikulalamika. Tangu nimzike mke wangu, miezi saba iliyopita, sisikii kitu. Watu hudhani ni huzuni. Huzuni naijua, ina uzito wake. Hii yangu ni kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia tu kwa sababu unauona uko pale chini.

Hali ya mafaili yetu ilikuwa aibu tupu. Idara moja iliweka mitihani yake kwenye flashi iliyoning'inia shingoni mwa karani. Nyingine iliishi kwenye kundi la simu, ratiba ya masomo ikiwa imebanwa katikati ya picha za harusi. Kulikuwa na ripoti inayoitwa "ya mwisho", nyingine "ya mwisho kabisa", na nyingine "ya mwisho hii sasa". Seva ya zamani ilikuwa chini ya ngazi ikinguruma, na juu yake mtu alikuwa ameanika mwavuli.

Mama Mwenyekiti, ambaye hapendi maneno mengi, aliniagiza jedwali la kulinganisha zana zote tulizoletewa. Nikalitengeneza, na baada ya vikao vinne zikabaki njia mbili. Ya kwanza, kila mtu awe na hifadhi yake binafsi mtandaoni, na akitaka kufanya kazi na wenzake awape ruhusa ya kuingia. Ya pili, mafaili yawe ya idara. Watu waje na waondoke, mafaili yabaki. Ya kwanza ilipendwa kwa sababu ndiyo waliyoizoea, na hakuna anayefurahi kuambiwa kazi yake si yake.

Ndipo Fundi wa mitambo akanyoosha mkono.

"Mimi sina ugomvi na yoyote," alisema. "Zote zinabeba, zote zina ulinzi. Nauliza kimoja tu. Mtu akiondoka, faili lake linabaki na nani?"

Wote wakainamia karatasi zao. Hakuna aliyenitazama, na kule kutonitazama kulikuwa na kelele.

Mke wangu alikuwa mhadhiri wa elimu ya udongo. Wanafunzi walimwita Mama Udongo, na alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye vyeti. Alikuwa na faili moja kubwa, orodha ya sampuli za udongo za miaka kumi na moja, na wanafunzi wake watatu wa uzamili walifanyia kazi humo humo. Faili lote lilikuwa ndani ya akaunti yake binafsi. Kwa utaratibu, akaunti ya marehemu hufungwa ndani ya siku thelathini. Utaratibu huo niliuandika mimi. Fundi aliiacha wazi miezi yote saba kwa kunionea huruma, na hatukuwahi kulizungumza.

Humo ndani kulikuwa na kitu kingine. Zamani, mimi na mke wangu tuliapa kutogombana mbele ya watoto. Watoto wakakua, wakahama, kiapo kikabaki. Tulishazoea kugombana kwa maandishi, kwenye maoni ya pembeni mwa faili lake la udongo, ambalo nilipewa ruhusa ya kuliingia nilipomsaidia kupanga orodha. Mezani tulikula kwa heshima zote. Kesho yake, mimi maktaba na yeye maabara, tulitiana adabu. Wanafunzi waliyaona na kujifanya vipofu.

Ugomvi wa mwisho uko mstari wa 212.

"Sampuli hii imemwagwa na Mkutubi kwenye chungu cha maua sebuleni. Nasubiri maelezo."

"Chupa haikuwa na lebo."

"Lebo ilikuwa chini ya chupa. Mtu aliyebandika lebo vitabu elfu arobaini angejua kugeuza chupa."

Hapo nikanuna. Siku mbili baadaye, Alhamisi, akaandika tena: "Kesho ndio ule upasuaji mdogo. Narudi Jumatatu. Bado umenuna?"

Nililisoma swali lake. Nilikuwa bado nimenuna. Nikasema moyoni, acha asubiri mpaka hiyo Jumatatu, nikafunga kompyuta. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikamshikia mkoba, tukaongea habari za mvua kwa adabu zetu za mezani. Jumamosi asubuhi moyo wake ulisimama.

Kwenye kamati, kura zilikuwa tatu kwa tatu. Yangu ilikuwa bado, na Mama Mwenyekiti alinipa mpaka Ijumaa. Fundi akanifuata maktaba.

"Mzee, nisikufiche. Tukienda na ya idara, faili la mama linahama lote, mistari yote. Maoni ya pembeni hayahami. Yanafutika na akaunti."

"Na tukienda na ya binafsi?"

"Nitaendelea kujifanya sijaiona akaunti yake. Ila siku nikihamishwa mimi, sijui." Alijikuna shingo. "Naweza kukupigia picha yale maoni."

"Picha nitaijibuje?"

Akaondoka zake. Alhamisi ya wiki hiyo akaja mmoja wa wale wanafunzi watatu, binti mwenye utetezi wa tasnifu mwezi ujao. Alisimama mbele ya meza kana kwamba amechelewesha kitabu.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Samahani, mzee wangu. Kila nikiamka nafungua lile faili kabla sijanawa uso. Naogopa nitakuta limefungwa."

"Si umelinakili?"

"Nimelinakili. Na wenzangu wamelinakili. Sasa tuna orodha nne, na hakuna mbili zinazofanana."

Nilimwambia aende akafanye kazi. Mke wangu angeikasirikia orodha ya pili tu, seuze nne. Ijumaa nikapigia kura njia ya idara. Mama Mwenyekiti aliandika, akasema asante, kikao kikaisha dakika kumi na mbili kabla ya muda. Sikusikia kitu. Nilikusanya vikombe.

Kilichobaki kilikuwa fomu ya kufunga akaunti. Niliitunga mwenyewe, na ni fomu ya mtu asiyeamini mtu: lazima mwenye akaunti ajulishwe kwa barua pepe, halafu katibu ajaze kama amejibu, ndiyo au hapana. Wakati naitunga sikufikiria kwamba kuna wenye akaunti waliokwisha kufa. Fundi aliniambia niruke sehemu hiyo. Nikamwambia fomu ni fomu. Saa tisa alasiri, maktaba ikiwa na watu, niliandika anwani ya mke wangu na kubandika maneno ya kawaida: "Unajulishwa kwamba akaunti yako itafungwa na mafaili yako kuhamishiwa idara." Nikatuma.

Jibu likaja kabla sijatoa mkono kwenye kibodi. Nilidhani nimekosea anwani. Kumbe ni lile jibu la kujituma lenyewe, aliloliweka Alhamisi ile ya kabla ya upasuaji, na kwa kuwa hakuna aliyemwandikia tena nadhani ni mimi wa kwanza kulipata.

"Asante kwa ujumbe. Sipo ofisini, narudi Jumatatu. Kwa jambo lolote la haraka muone Mkutubi. Atajifanya hajui. Anajua."

Ganzi inapotoka mguuni huwa inauma, kila mtu anajua. Niliumia kila mahali, pale pale kwenye dawati la kuazimia vitabu, na mwanafunzi aliyekuwa kwenye foleni akarudi nyuma hatua moja.

Nilipoweza kuona vizuri, nilifungua faili, nikashuka mpaka mstari wa 212. Chini ya swali lake nikaandika: "Nilinuna. Lebo ilikuwepo. Nisamehe." Nikampigia Fundi nikamwambia ahamishe.

Kisha nikavuta ile fomu. Mwenye akaunti amejibu? Nikatia alama kwenye ndiyo.