Hodi ya Kivinjari cha Zamani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa kuwa mlango.

Si mlinzi wa mlango. Mlango wenyewe. Bwana Kiondo, mwenyekiti wa chama cha watu wa kijiji chetu cha milimani Upare, alinikabidhi bawaba na kunipa pongezi. "Namkunda, tovuti mpya imependeza," alisema. "Hatupokei tena vivinjari vya zamani. Kazi yako ni kuwaambia wakija." Nikamshukuru, nikazifunga bawaba mabegani, nikasimama.

Hilo la tovuti ni kweli, hata nikiwa macho. Mimi ndiye fundi wa tovuti ya chama. Watu wetu wametawanyika kila mahali, na kwenye tovuti hiyo ndiko wanakosoma nani ameoa na nani ametutoka. Jana mchana, kabla sijaenda kula, nilizima upande uliokuwa ukihudumia vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, vile vilivyochakaa. Vilikuwa vinanipa kazi mara mbili. Nikaweka na tangazo: "Kivinjari chako ni cha zamani. Tafadhali sasisha." Nililipenda tangazo lile. Niliona lina adabu.

Basi nimesimama, mlango. Ubavuni kwangu ananing'inia Kufuli, mpya kabisa, anatafuna karanga.

Anakuja mtu anapanda mlima, lakini anakuja kwa vipande. Kwanza kofia, kisha paji la uso, kisha macho. Mdomo unachelewa, kwa hiyo tunausubiri. Kwapani ana saa ya mchanga. Mgongoni, ndani ya kanga, amembeba shangazi yangu Nakijwa kama mtoto mchanga, na fimbo yake.

"Hodi," mzee anasema, mdomo ulipomfikia.

Nilifurahi sana kumwona shangazi. Nikafungua kinywa niseme "Karibuni." Kikatoka kingine: "Kivinjari chako ni cha zamani. Tafadhali sasisha."

Mzee akaigeuza saa yake ya mchanga, akasubiri.

"Anasemaje?" shangazi akauliza. Shangazi hasikii. Masikio yalimuaga zamani, na simu kwake ni pambo la kabati. Ndiyo maana nilimpelekea kompyuta kuukuu iliyoachwa na shule, nikazikuza herufi mpaka zikawa kama mihogo. Kila asubuhi husoma matangazo ya misiba, kisha huchukua fimbo na kushuka nyumba hadi nyumba kuwaambia majirani. Kule kwetu mtu hajafa sawasawa mpaka shangazi Nakijwa apite.

Mzee akamwandikia kiganjani kwa kidole. "Anasema nijisasishe."

"Ujisasishe nini tena? Si tunakuja kila siku?"

Kufuli akaacha kutafuna. "Anayeingia tunapeana mikono kwanza. Ndiyo sheria." Akaunyoosha mkono wake, una vidole vingi kama chane la ndizi. Mzee akaunyoosha wake, wenye vidole vichache, safi, kucha zimekatwa. Wakahangaika hapo. Vidole vya Kufuli vikabaki vingi hewani, havina wa kuvishika.

"Hii ni salamu ya lini?" Kufuli akauliza.

"Ndiyo niliyofunzwa," mzee akasema, akaona haya. Nilimhurumia mpaka bawaba zangu zikalia.

Sasa tuko zahanati. Sielewi tumefikaje. Mimi bado ni mlango, ila wa zahanati. Muuguzi ni kitufe cha bluu kilichovaa kofia nyeupe, na anamuuliza mzee yeye ni toleo la ngapi.

"La sita," mzee anasema. "Nililetewa la saba, likanibana kwapani."

"Tutakuzima kidogo, halafu tukuwashe. Hutasikia kitu."

"Nikizimwa, huyu wa mgongoni atakaa wapi?"

Kitufe akafikiri. "Hilo sikufundishwa."

"Basi sizimwi."

Nilitaka kumwambia Kitufe amwache mzee wa watu. "Kivinjari chako ni cha zamani," nikasema. Wote wakanigeukia.

"Tumekusikia, dada," Kitufe akasema.

Tumerudi mlimani. Nyuma yangu, ndani ya nyumba, watu wanaimba wimbo wa mazishi. Mlango una pande mbili, kwa hiyo naona kotekote. Ukutani lipo tangazo nililolibandika mwenyewe jana jioni: Bibi Nambike ametutoka, kwa mwanawe huko Korogwe. Maziko ni Jumamosi.

Hapo ndipo nikakumbuka. Nambike na shangazi wamekua pamoja, wamechunga mbuzi pamoja, wamezeeka wakiandikiana. Waliapiana kwamba atakayebaki ndiye atakayemtupia mwenzake udongo wa kwanza. Kijiji kizima kinalijua hilo. Na jana sikumwagiza mtu ampelekee habari, maana nani apeleke msiba kwa shangazi Nakijwa? Yeye ndiye huleta. Hata sasa majirani wake wamekaa barazani, wanamngoja apite awaambie.

"Hodi," mzee akasema mara ya pili.

"Kivinjari chako," nikalia, "ni cha zamani." Nikajaribu kutamka Nambike. Ikatoka "sasisha." Nikajaribu kujifungua kwa nguvu, Kufuli akanibana. "Hatujapeana mikono," akasema.

Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu unarudi ulikotoka, wala huchungulii dirishani, maana anayechungulia ana lake jambo. Na shangazi ni mtu wa heshima zake.

Ya tatu aliipiga mwenyewe, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Hodi jamani, wenyewe!"

"Tafadhali sasisha," nikasema, machozi yakinitoka kwenye tundu la ufunguo.

Akangoja. Mchanga wa mzee ukaisha wote chini.

"Hawataki kutufungulia," shangazi akasema. "Ila humo ndani wanaimba, naona mlango unavyotetemeka. Mlango hautetemeki hivyo ila kwa msiba. Sijui ni wa nani, baba. Ngoja nitoe udongo wangu kabisa, isije ikawa nimekosa." Akaigonga ile saa kwa fimbo, ikavunjika. Akateka mchanga kiganjani, akainama kutoka mgongoni kwa mzee, akausukuma chini yangu. Ulikuwa wa baridi.

"Pumzika," akasema, "wewe nisiyekujua."

Wakashuka mlima. Walitoweka kwa vipande, miguu kwanza. Kofia ikabaki kidogo peke yake njiani, kisha nayo ikaondoka.

Nikaamka kumekucha, leo Ijumaa, mdomo mkavu. Nikajiambia ni ule wali wa usiku. Nikaketi mezani, nikafungua kompyuta niitazame tovuti yangu mpya nitulie roho. Nikagusa kitufe cha kuingilia, hakikushuka. Nikakikandamiza, kikasaga.

Nikaipindua kompyuta. Ukamwagika mchanga mezani, kidogo tu, wa kujaa kiganja cha bibi mmoja. Nakaa ghorofa ya tano, na madirisha nilikuwa nimeyafunga.

Sikunawa uso. Nikauwasha tena ule upande wote nilioufunga jana, na tangazo langu lenye adabu nikalifuta. Bwana Kiondo ataniuliza. Aulize. Saa hizi kule juu shangazi anaweka kikombe cha chai ya tangawizi pembeni na kuiwasha kompyuta yake, na yule mzee anaanza kumletea ukurasa, kofia kwanza.

"Karibu," nikasema kwa sauti, kujaribu tu. Neno likatoka lenyewe.

Halafu nikaukusanya mchanga, nikaufunga kwenye kipande cha karatasi. Huo ni wa kwenda Korogwe.