Togwa Isiyo na Sukari

Kidole cha kati nacho kilikataa kutoa damu. Nilikikamua taratibu kutoka shinani kwenda nchani, kama muuguzi alivyonionyesha. Baba alitazama ukutani kama mtu anayenyolewa.

"Umeshatoboa viwili," alisema. "Kesho utahamia masikioni?"

"Tulia, baba."

"Nimetulia. Damu ndiyo haitaki."

Tone likatoka. Nikaligusisha kijiti cha kupimia, mashine ya sukari ikasubiri kidogo, ikaandika 17.4. Niliinakili kwenye daftari, mbele ya saa tano asubuhi. Mstari wa juu yake ulikuwa na namba ya alfajiri kabla hajala: 8.1. Jana ilikuwa vivyo hivyo, na juzi. Baba huamka na namba ya kuvumilika, ikifika saa tano imepanda maradufu, naye anaapa kwamba hajatia kitu kitamu mdomoni.

Kwa wengine hizo zingekuwa namba tu. Baba alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, na daktari alikuwa ameeleza bila kuficha: sukari ikiendelea kuwa juu namna hii kidonda hakitafunga, na baada ya wiki nne, siku ya Jumatatu, watazungumza habari ya kukikata kidole. Mimi nilitoka pale nikihesabu siku zilizobaki. Baba, aliyeuza vipuri vya baiskeli hapa Singida mjini miaka arobaini, ndiye aliyenifariji.

"Baiskeli inakwenda hata bila madigadi," alisema.

Sikucheka. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia kidato cha pili, na mengine nimeyasoma mwenyewe katika vitabu vya bayolojia alivyoacha kaka yangu. Nilijua jambo moja: ukitaka kupata kosa kwenye gauni, hufumui mishono yote kwa pamoja. Kwa hiyo wiki ya kwanza nilitoa sukari ya chai. Ya pili, mkate na maandazi. Ya tatu nikawa namkatia ugali kwa kipimo. Namba ya saa tano haikushuka.

"Baba, ukishakunywa chai unakwenda wapi?"

"Unajua. Kwa Fabiano. Drafti."

"Mnakula nini huko?"

"Hatuli."

"Mnakunywa?"

"Maji." Akakuna ndevu. "Na togwa."

Niliweka kalamu chini. "Togwa?"

"Togwa siyo kitu, Johari. Ya uwele, ya Damari. Wagonjwa wote wa sukari wanakunywa kwake. Haitiwi sukari hata chembe."

"Unakunywa kiasi gani?"

"Kidogo. Lita."

"Lita moja mnagawana wewe na mzee Fabiano?"

"Fabiano ana yake."

Wiki tatu. Wiki tatu za kumtoboa vidole, za kupima ugali kama dhahabu, za kugombana kwa ajili ya nusu ya andazi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuliza vitu vyenye sukari. Nikakujibu vitu vyenye sukari."

Nililifunga daftari kwa nguvu. Kisha nikaleta kitabu. Nikamweleza kwamba wanga wa uwele, wa mahindi, wa viazi, wote umejengwa kwa glukosi, ile sukari yenyewe tunayoitafuta kwenye damu. Chembe za glukosi zimeshikana moja baada ya nyingine, nyingi sana, kama shanga kwenye uzi. Zikiwa zimeshikana hivyo, ulimi hauonji utamu. Sasa mbegu ya uwele ikiota hutengeneza kimeng'enya cha kuukata uzi ule, ili mche mchanga upate chakula. Kimea ni uwele ulioota, ukakaushwa, ukasagwa. Ukikitia kwenye uji ili upate togwa, kinakata. Hakuna aliyeongeza sukari. Imefunguliwa tu.

Baba alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa.

"Kwa hiyo nimekuwa nikinywa shanga."

"Baba."

"Nionyeshe. Mimi sikununua mnyororo kwa maneno, niliuzungusha kwanza."

Ombi lilikuwa la haki. Nikaagiza kimea sokoni, nikapika uji mzito wa uwele, na ulipokuwa unatokota nikamimina kimea, nikakoroga, nikaepua. Nilimwambia utakuwa mwepesi na mtamu. Tulikaa tukiutazama. Dakika kumi. Ishirini. Uji ulibaki mzito, mwiko umesimama wima katikati yake. Baba alichota kijiko, akaonja, akanipa na mimi. Haukuwa na utamu wowote.

"Shanga zako zimefungwa kwa waya," alisema.

Nilirudi kwenye kitabu, nikasoma ukurasa ule ule mara mbili, nikaona hakuna nilichokosea. Nyuma yangu nilimsikia baba akipiga simu.

"Damari? Njoo nyumbani. Kuna mtu anataka kuiua biashara yako, na ameanza kwa kupika vibaya."

Damari alifika baada ya adhuhuri, kanga kiunoni, vumbi la upepo kwenye nyusi. Ni mwanamke wa Sepuka, huleta uwele wa kwao na hauoteshi kwa mkono wa mtu mwingine.

"Shikamoo, mzee Majidi."

"Marahaba. Mama, huyu anasema togwa yako ina sukari."

"Dada Johari!" Aliniangalia kwa huzuni kuliko hasira. "Miaka kumi na moja. Njoo kwangu ukague, kama utaona hata mfuko."

"Sijasema unaweka sukari, dada Damari. Nasema inatokea."

"Inatokea wapi, hewani?"

Akafunua sufuria yangu. Akaangalia ndani, akanusa, akauchomoa mwiko kwa shida, na uso wake ukabadilika.

"Kimea umekitia lini?"

"Ukiwa unatokota."

"Unatokota!" Alimgeukia baba. "Amekiunguza. Mtoto mdogo wa kwetu anajua hilo. Kimea ukikitia kwenye uji wa moto kinakufa, unabaki na uji tu. Unaacha upoe mpaka uingize kidole, kikuume lakini uvumilie. Ndipo."

Kinakufa. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Kitabu kilikuwa kimeandika kwamba joto kali huharibu vimeng'enya, kurasa nne mbele, mahali ambapo sikuwa nimefika kwa sababu nilishaona nimeelewa.

"Nifundishe," nikamwambia.

Hakuhitaji kubembelezwa. Alipika mwenyewe, akauacha uji ukapoa huku akinisimulia makosa ya wanawake wote waliojaribu kumwiga. Akajaribu kwa kidole mara tatu. Kabla hajatia kimea nilimwomba baba aonje. "Uji," alisema. "Hauna ladha ya kitu." Damari akanyunyiza kimea, akakoroga kuelekea upande mmoja, akafunika kwa ungo.

Alipofunua, mwiko haukusimama tena. Ulianguka ubavuni na kugonga ukingo wa sufuria. Uji ulikuwa unatiririka kama maziwa.

"Onja sasa, mzee."

Baba akaonja. Akachukua kijiko cha pili, nikamshika mkono.

"Mtamu," alisema.

"Na umeniona," Damari akasema kwa fahari. "Nimeweka sukari?"

"Hujaweka."

"Umeona, dada?"

Baba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaangalia sufuria ya kwanza, kisha ya pili, jinsi alivyokuwa akilinganisha vipuri viwili vinavyofanana. "Uwele ule ule," alisema polepole. "Maji yale yale. Huu utamu umetoka wapi, Damari?"

Damari aliinama juu ya sufuria. "Si umo ndani ya uwele," alisema mwishowe, na sauti yake ilipungua kabla hajamaliza.

Nilimwonea huruma. Hakuwa amedanganya mtu siku hata moja.

Damari akaufunika uji tena kwa ungo. "Basi nitampikia bila kimea. Uji mtupu."

"Uji mtupu ni nafuu kidogo," nilisema, "lakini si sana. Mate na utumbo vinaukata wanga vilevile. Kinachotakiwa ni kujua anaweza kunywa kiasi gani."

"Sasa nile nini?" Baba alipaza sauti kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Upepo wa Singida? Huo nao hauna shanga?"

Nikamwonyesha boksi. Vilibaki vijiti vitano. Kesho hakuna togwa kabisa, tunapima saa tano. Kesho kutwa uji mtupu, kikombe kimoja, tunapima. Siku ya tatu togwa, kikombe hicho hicho. Viwili akiba, vidole vyake vikigoma. Tukifanya hivyo, Jumatatu tutamkuta daktari tukiwa na kitu mkononi.

"Tupime sasa hivi," baba alisema, akaninyooshea kidole mwenyewe. "Nimeonja. Tuone."

"Kijiko kimoja hakitasema kitu. Tutapoteza kijiti."

"Wiki tatu unanikimbiza na sindano, leo ninakupa kidole unakataa!"

Damari alicheka hadi akakaa chini. Baba akaingia jikoni akichechemea, akatoka na kikombe chake cha bati, kikubwa cha kutosha kuogeshea mtoto.

"Kikombe ni hiki."

Nikaleta kikombe cha kahawa, nikakiweka mezani kando ya kile. Kilionekana kama kifuniko chake.

"Hicho ni cha mwanasesere, Johari."

"Dada Damari, wewe unasemaje?"

"Mimi simo," alisema Damari, akijifunga kanga upya. "Mimi napika tu. Kesho nitakuja saa tano nione hiyo mashine inavyosema."

Adhana ya alasiri ikaanza. Baba akaenda kutia udhu, nikamkumbusha bandeji ya mguu isilowe. Alijibu kutoka uani kwamba suala la kikombe hatujalimaliza.