Mwenye Kuomba Hajiitikii

Idara yetu ya theolojia ilianzishwa na mchungaji tuliyemwita Sharubu, naye alituachia sheria moja: kipindi hakianzi bila sala, na mwenye kuomba hajiitikii. Amina ni ya darasa.

Enzi hizo amina ilitikisa vioo, na waliokosa viti walikaa madirishani. Kisha vijana wakaanza kukimbilia uhasibu. Siwalaumu, nimewanunia tu. Walimu wenzangu wakastaafu, wengine nikawazika. Mwaka huu nilibaki na mwanafunzi mmoja, shemasi mwenye sauti kama jogoo aliyepaliwa. Juzi naye kahamia uhasibu, na kuniaga hakuniaga.

Leo nimeingia darasani kama kawaida, nikafuta ubao uliokuwa safi tayari, nikaomba. Nilipofika mwisho nikanyamaza, macho nimeyafumba.

Mlango ukagongwa. Alikuwa fundi seremala; jana niliambiwa atakuja kuchukua madawati ayapeleke uhasibu.

“Shikamoo, mwalimu. Umemaliza?”

“Marahaba. Bado.”

Sikufumbua macho. Akasimama pale kidogo, akakohoa. Nikamsubiri aitikie. Halafu nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi, taratibu, kama vya mtu asiyetaka kusumbua.