Kilima Kilichokwenda Kanduyi Kujaribu Mota

Jumatano asubuhi Mbugua alikikunja kile kilima cha mbele ya boma lake kama turubai, akakifunga kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, akamuaga mkewe, Kabura. Alikuwa anakwenda Bungoma kuchagua mota ya kufunga katikati ya gurudumu la baiskeli hiyo.

"Baba Nyambu, urudishe hiyo kitu kabla ya Jumapili," Kabura alimwambia. "Ng'ombe ya Mama Jepkoech inakula huko juu."

Magoti ya Mbugua yalikuwa yamekwisha kazi. Kila siku alipaswa kuvusha mitungi miwili ya maziwa juu ya kilima hicho hadi kwa ushirika kabla ya saa mbili, na mwezi ule alikuwa amechelewa mara tatu. Mara ya nne jina lake lingefutwa, na nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kutegemea. Siku za safari, Kabura angepeleka maziwa.

Kanduyi, pale Bungoma, ni tambarare, kwa hivyo Mbugua alikitandaza kilima chake kando ya duka la Walubengo.

"Sogeza kidogo, mzee, wateja wapite," Walubengo alisema. Kisha akaisifu mota kubwa isiyo na gia, pana kama sufuria ya harusi. "Hii ni mbio tupu. Hakuna kilima itasumbua hii."

"Mimi sitaki mbio, bana. Jaza mitungi maji kwanza."

Mota kubwa iliondoka kwa madaha, ikafika katikati, ikanuka kuungua, ikanyamaza. Nyingine ndogo, yenye gia ndani, ilipanda polepole, ikinung'unika njia nzima, lakini ilifika. Mbugua alicheka peke yake kule juu. Akainunua.

Ijumaa aliporudi aliwakuta majirani wamesimama pale palipokuwa na kilima, wakitazama. Barabara ya lami ilikuwa imelala nyuma ya pale kilima kilipokuwa, nyoofu, yenye mstari wa njano. Ni ile waliyoichangia miaka sita, wakaambiwa bado iko kwenye mafaili. Ilitoka kwa ushirika ikaishia kwenye geti la mwenyekiti wa ushirika, Kagwe.

Kagwe alitoka na tai yake, akawasalimia wote kwa mkono, akauliza hali ya watoto. Kisha akamwomba Mbugua, kwa upole, arudishe kilima, maana upepo ulikuwa unawasumbua ng'ombe wake wa gredi. Mbugua aliona aibu, na akakirudisha hivyo hivyo. Majirani walimshikia pembe kisijikunje.

Kesho yake mota ilipanda ikinung'unika, na saa moja na nusu maziwa yalikuwa kwenye mizani. Kagwe alikuwa ameshafika, viatu vyake havina vumbi. Alimpigia Mbugua makofi mbele ya watu.

"Mnaona huyu?" aliwaambia wakulima wengine. "Mtu akitaka kufika, hufika. Ni bidii tu."

Wakulima walipiga makofi pia, kisha wakamuuliza Mbugua duka la Walubengo liko upande gani wa Kanduyi.