Chumba cha Baba

Mimi hupaka rangi, na mteja akichelewa kuchagua, namchekesha. Pale Birongo nilichekesha siku mbili.

Loice alinipigia simu: "Zubair, kuja upake chumba ya baba." Sikuuliza. Nimekaa Kisii mjini miaka mingi, najua kwa Kikisii "baba" maana yake ni mama. Na mle chumbani alilala mama mmoja tu, Drusilla, mama mkwe wake, aliyemzaa Bosire, mume aliye Qatar.

Nikapaka viraka vitatu ukutani: krimu, maziwa na ganda la yai.

"Si hizi ni moja?" Loice akauliza.

"Ni ndugu, lakini hawasalimiani."

Drusilla alicheka mpaka akashika kiuno. "Ngoja jua lizunguke, mwanangu. Ndio nitaona." Alasiri akaja, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Krimu ilimkumbusha uji uliolala. Maziwa ilikuwa baridi, kama hospitali. Asubuhi akaja tena. Ganda la yai. "Hii mtu anaweza kuamka nayo."

"Sawa, mama," Loice akasema. "Nilijua macho ya wazee ni moja."

Nikampa Drusilla brashi apige mstari wa kwanza. Alienda kujisifu kwa jirani, kidole kimoja bado kina rangi.

Koti ya pili ya rangi ilipokauka, Drusilla akaja amekumbatia mto. "Hiyo stoo mmenilaza inanuka mbolea ya majani chai. Leo nalala kwangu."

"Kwako wapi?" Loice akauliza.

"Si umesema chumba ya baba?"

"Eeh. Baba yangu. Mwenye alinizaa. Anatoka Nyamache kesho."

"Mama yako alale kwa nyumba ya mkwe wake? Loice! Watu watasema nini?"

"Watasema chumba imependeza. Si wewe umechagua?"

"Bosire anajua?"

"Ndiye alisema ukae stoo. Iko karibu na jiko, utapata joto."

"Na kitanda yangu?"

"Inabaki. Mama atalala chini?"

Drusilla akanitazama, kama mtu anayengoja nicheke ndio naye acheke. Nikainama kukunja turubai.

"Mwanangu, rangi imebaki kidogo? Ya huko stoo?"

Ilibaki nusu ndoo. Nikamwangalia Loice.

"Hiyo ni ya choo," akasema.

Nikaibeba. Nikaanza na mlango wa choo.