Yudith na Daftari la Usingizi

Kukosa usingizi, ndugu yangu, usiombe! Yudith wa Hombolo alikuwa na mwezi wa tano hajui kulala ni nini. Akijitupa kitandani saa tatu, macho makavu. Jogoo akiwika, ndiyo kwanza kope zinaanza kuwa nzito. Na mpogoaji wa zabibu hawezi kuishi hivyo. Kazi ile inataka mkono usiotetemeka na kichwa kinachokumbuka tawi lipi liachwe na lipi likatwe. Msimu uliopita, maana kule zabibu hupogolewa mara mbili kwa mwaka, alipogoa huku akisinzia, akakata matawi ya kuzaa, akaacha ya bure. Mstari mzima ukatoa majani matupu. Waliofaidi ni mbuzi.

Castory, mdogo wake, ambaye yeye na Yudith waliachiwa shamba na marehemu baba yao, hakumung'unya maneno.

"Dada, nakuheshimu. Lakini ukiharibu tena, sehemu yako namkodishia yule mkulima mwenzetu, Methusela. Shamba la mzee halitakuwa malisho."

Ilimuuma hadi mifupani. Mizabibu ile aliipanda kwa mikono yake, na zilikuwa zimebaki wiki saba tu kabla ya kupogoa.

Penye wengi pana mengi. Jirani alisema asali, akina mama wa jumuiya wakasema maziwa ya moto, mwingine akasema aache chai ya jioni. Yudith akabeba yote siku moja! Usiku huo akapata usingizi kidogo, akaamka anashangilia. Usiku wa pili, kapa. Sasa kilichosaidia ni kipi? Akajicheka mwenyewe. Mkulima gani huyu! Shambani, ukitaka kujua dawa ipi inaua ukungu, unapiga moja kwenye mstari mmoja, unasubiri, unaangalia. Mwili wake aufanyie fujo ambayo hathubutu kuifanyia mizabibu?

Akachukua daftari. Wiki ya kwanza asali tu: hola. Wiki ya pili maziwa tu: hola. Wiki ya tatu hakugusa chai jioni, na jamani, usingizi ukaanza kuja saa nane za usiku badala ya alfajiri! Moyo ulimruka. Lakini ukagoma hapo hapo, haukusogea tena.

Wiki ya nne akaenda mjini kwa Mitali, muuza pembejeo, kununua dawa ya ukungu, na daftari akalibeba. Mitali alilisoma lote, wateja wanamsubiri.

"Mama Lameck, hii kazi nzuri mno. Lakini umeandika usiku tu. Mchana uko wapi?"

"Mchana si nafanya kazi?"

"Saa zote? Baba mkwe wangu, mzee Vithaldas, aliapa hivyo hivyo. Tulipoandika, tukakuta kila mchana analala saa mbili nzima kwenye kiti chake hapo. Nilipoanza kumwamsha alininunia wiki nzima, lakini usiku akalala! Sababu yako siijui. Andika, uone."

Kuuliza si ujinga. Yudith akaandika, na siku ya tatu alipojumlisha akapiga ukelele, kuku wakatawanyika. Alikuwa akilala saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kila siku! Lea, mke wa mwanawe Lameck, ndiye aliyekuwa akimtandikia mkeka sebuleni, akishusha pazia na kuwafukuza watoto uani. "Bibi hajalala usiku, nyamazeni!" Mapenzi matupu, na mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yakiula usiku wake.

"Lea mwanangu, kuanzia leo ufiche huo mkeka."

"Mama! Si utaanguka?"

"Nikianguka utaniokota."

Siku za mwanzo zilikuwa mateso. Saa tisa anasinzia na ungo wa uwele mapajani. Anainuka, anatembea hadi bwawani, anarudi. Siku ya sita aliingia kitandani saa tatu, na alipofumbua macho jogoo alikuwa ameshamaliza kuwika. Alikaa pale kitandani akicheka peke yake! Akaandika kwa herufi kubwa: NIMELALA. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, akaudai mkeka siku mbili tena. Usiku ukaharibika palepale. Basi! Mkeka akampa jirani.

Wakati wa kupogoa ulipofika mkono wake haukutikisika hata mara moja. Castory alimfuata nyuma, akikagua kila tawi.

"Baada ya wiki nne nakuja saa kumi na mbili asubuhi," alisema mwishoni. "Tutaona kama yamechipua na vishada, ndipo nitasema la shamba."

Asubuhi hiyo Yudith alifumbua macho, jua limejaa chumbani. Saa mbili kasoro! Uwii! Alijifunga kanga huku anakimbia, kandambili moja mguuni, akimgombeza Lea njia nzima kwa kutomwamsha.

Castory alikuwa amesimama katikati ya shamba, kofia mkononi. Machipukizi ya kijani yenye vishada vichanga yalikuwa yametoka kila tawi, mstari huu na ule, hadi kwenye uzio.

"Mdogo wangu, nisamehe, nime..."

"Nimefika saa kumi na mbili, nakusikia unakoroma hadi uani," Castory alisema. "Lea akataka kukuamsha. Nikamwambia, thubutu! Mwenye shamba amelala."