Tutoke Twende Wapi

Kazini walimwita Wembe, na kwa miaka sita alilichukulia jina hilo kuwa sifa. Mfuko wao wa uwekezaji ulinunua kampuni zilizochoka, ukazikamua miaka mitano, ukaziuza kwa mwingine. Kila ripoti ya ununuzi ilikuwa na kisanduku kwenye ukurasa wa kwanza, kimeandikwa KUTOKA: tunauza mwaka gani, tunamuuzia nani. Kisanduku kikiwa kitupu, bosi hasomi. Anaitupa ripoti mezani na kumuuliza aliyeiandika kama anataka kununua au kuoa.

Jumanne moja Wembe aliaga kwamba anaumwa jino, akaenda kwenye usaili katika kiwanda cha pampu za maji. Kiwanda kilitaka mtu wa kukitafutia kampuni ndogo za kununua na kuziunganisha nacho. Mshahara ulikuwa wa kawaida. Tena akihama sasa angepoteza fungu lake kwenye mauzo makubwa yaliyokuwa yanakuja, na fungu lenyewe si la kuchezea. Lakini alikuwa amechoka kuona kampuni zikipita mikononi mwake kabla hajajua hata jina la mlinzi wa getini.

Mwenye kiwanda, fundi mzee mwenye kucha nyeusi za grisi, alimpokea amekunja ndita.

"Watu wenu walinunua kiwanda cha rafiki yangu," alisema. "Siku hizi ni maegesho ya magari."

"Si mimi, mzee."

"Sijakuuliza. Kuna karakana ya mabomba hapo ng'ambo ya barabara, mwenyewe anastaafu. Niinunue?"

Wembe alishika chaki mbele ya ubao akatiririka. Mafundi kumi na wanane, mashine mbili za kubadilisha, wateja walewale. Mhasibu wa kiwanda, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa akiitikia kwa kichwa. Kisha Wembe akafunga hoja kama alivyozoea: "Na tunatoka mwaka wa tano."

"Tutoke twende wapi?" fundi akauliza.

Wala hakuwa anatania. Mhasibu alijifunika karatasi usoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Masikio ya Wembe yaliwaka moto. Aliwachukia wote wawili, na zaidi alijichukia mwenyewe.

"Kazi ni yako," fundi akasema, kama anayemfukuza. "Umesema kweli tupu, isipokuwa pale mwisho. Ila hapa ukinunua kitu, unakaa nacho. Kikioza, utakula nacho kantini kila mchana. Mkataba huu. Urudishe Ijumaa."

Jumatano bosi alikwishapata habari.

"Jino limepona?"

"Limepona, bosi."

"Nasikia unaenda kuuza pampu." Alicheka peke yake. "Wewe huwezi kukaa mahali. Nimekufundisha mwenyewe. Miaka mitatu haiishi utakuwa hapo hapo unaniomba kazi, na mimi nitakuwa nimeshasahau jina lako."

"Hujawahi kulijua," Wembe akajibu, akaweka barua ya kuacha kazi juu ya meza.

Bosi hakuifungua. Alimwita mlinzi amtoe, na ahakikishe anaacha kompyuta pamoja na chaja. Mlinzi alimsindikiza hadi getini. Wembe alitaka kumuaga vizuri, akakuta naye hamjui jina.

Nyumbani alimkabidhi mumewe mkataba akitegemea pongezi. Mume alikuwa mwalimu, na kusahihisha kulikuwa kwenye damu. Alisoma kila ukurasa kalamu ikiwa mkononi. Kwenye ukurasa wa mwisho akakwama. Juu ya mahali pa sahihi palikuwa na mwandiko wa mkewe: Kutoka: mwaka wa tatu.

"Hii umeandika lini?"

Hakukumbuka. Labda siku ile ile ya usaili, kwenye foleni ya magari, mkono ukijifanyia kazi yake. Bosi alikuwa amemsoma sawasawa, na hilo lilimuuma kuliko matusi yake yote.

"Na sisi umetuandikia mwaka wa ngapi?" mume akauliza. Hakupandisha sauti. Aliinuka akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Wembe alitafuta kifutio droo nzima kabla ya kukumbuka kwamba alitumia wino.

Angeweza kumwomba mhasibu nakala nyingine. Badala yake aliyakata maneno yale kwa mstari mmoja, akatia sahihi pembeni, kama inavyofanywa hati ikisahihishwa. Ijumaa fundi aliusogeza mkataba karibu na macho.

"Hiki nini?"

"Kosa, mzee. Nimetoka nalo kazi ya zamani."

Chini ya mstari maneno yalisomeka vizuri tu. Fundi hakutabasamu. Aliweka sahihi yake kando ya ile ya kwanza, grisi ikabaki kwenye karatasi.

"Ile karakana nimeinunua jana," akasema. "Meza yako iko huko. Na usinirudie hapa mpaka uwajue wote kumi na wanane kwa majina."

Wembe alivuka barabara amenuna. Kwenye geti la karakana alisimama mbele ya mlinzi.

"Samahani kaka, unaitwa nani?"

Mlinzi alimpima kwa macho toka juu hadi chini. "Kwani wewe ndiye nani?"

Hapo ikambidi alitaje jina alilopewa na mama yake, na lilimtoka kwa shida, kwa jinsi lilivyokaa siku nyingi bila kutumika.